Barabara Iliyotuhamisha

Masasi,
27 Juni 1994

Mjomba wangu Bwanali,

Shikamoo. Na Mama Ashiru umfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua barua zangu unazisoma peke yako kwanza, halafu yeye unamsimulia nusu. Mguu wake unaendeleaje? Mimi ni mzima. Mama alikuja wiki iliyopita kutoka Lulindi, akalala kwangu siku mbili, akavipanga upya vyombo vyangu vyote na kurudi zake. Anasema chumba changu hakina hewa na kazi yangu haieleweki. Nilimweleza kwamba mimi ni ofisa mipango wa usafiri, akauliza kama nitaendesha basi.

Kazi yenyewe ndiyo iliyonifanya nikae chini kukuandikia. Tunatayarisha mpango wa usafiri wa mkoa mzima. Tangu biashara ya korosho ifunguliwe kwa watu binafsi, kila mnunuzi analipeleka lori lake anakotaka, na anakotaka ni kule ambako barabara haimvunjii springi. Chama cha ushirika kilikuwa kinalazimika kufika kila kijiji, hawa halazimiki mtu. Sasa zimepatikana fedha za kutengeneza barabara za vijijini, lakini si zote. Upande wenu zinashindana mbili, hiyo yenu ya kutoka Mkunya kuja Nanjelele, na ile inayoteremka bondeni. Itatengenezwa moja. Nyingine itafutwa kwenye orodha, na halmashauri haitaipelekea tena greda wala koleo.

Itakayochaguliwa ni ile yenye watumiaji wengi. Jumatatu tarehe 4 Julai atakuja kijana mmoja, anaitwa Gasper, mtu wa Chiwata, atakaa kwenye njia panda yenu wiki nzima na kuhesabu kila kinachopita: lori, baiskeli, hata mtu mwenye mzigo kichwani. Hana habari na kodi. Waambie watu wapite kama wanavyopita siku zote. Ni hilo tu, mjomba, lakini ni kubwa.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Newala, ataiacha Mkunya dukani kwa Mwanaheri.

Mpwa wako,
Winfrida


Nanjelele,
12 Julai 1994

Mpwa wangu Winfrida,

Marahaba, ingawa naitikia shikamoo ya Pasaka, maana tangu hapo hujaniandikia. Watu wa ofisini mna wino wa serikali na bado mnaufanyia ubahili. Sisi huku hatujambo. Mikorosho imechanua vizuri, ila ukungu wa asubuhi unanitia wasiwasi. Ashiru yupo na mkewe, hawajapigana mwezi huu. Kuku wa Mama Ashiru wamekufa wote kwa kideri, amebaki jogoo mmoja ambaye sasa anajiona mwenyekiti wa kijiji.

Nakuandikia nataka ucheke. Jumatatu ya wiki iliyopita alitokea kijana mwenye kofia ya kitambaa, akaketi kwenye njia panda yetu na karatasi zake juu ya kibao. Baiskeli ikipita anachora mstari. Mtu akipita na gunia anachora mstari. Nilimtazama kidogo tu nikaelewa. Unakumbuka mgambo walivyozibeba baiskeli zetu kwa sababu ya kodi ya baiskeli? Walianza hivi hivi, alitangulia mtu wa kuandika. Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamwambia, "Wamekuja tena." Hakuuliza ni akina nani.

Kabla ya saa sita mchana barabara ilikuwa nyeupe. Baiskeli yangu niliipandisha darini jikoni, mpaka leo inanuka moshi. Wanawake waliokwenda maji walipita ndani ya mikorosho. Hata lori la salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, nililitumia salamu Mkunya lisije, dereva akashusha mifuko huko huko na sisi tukaibeba kichwani kwa njia za porini. Wiki nzima, mpwa wangu, hakikupita kitu isipokuwa mbuzi wa shehe.

Mama Ashiru alimwonea huruma, akampelekea muhogo wa kuchoma. Akamuuliza, "Mwanangu, unahesabu nini?"

Akajibu, "Vinavyopita, mama."

"Mbona havipiti?"

"Ndiyo naandika hivyo, mama."

Jumapili alikunja karatasi zake akaondoka na uso umemshuka. Tumewaweza safari hii. Msalimie mama yako, mwambie kaka yake bado ana akili.

Mjomba wako,
Bwanali


Masasi,
2 Agosti 1994

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Mama hajambo, naye anakusalimu. Sikumwambia ulichoniambia nimwambie.

Ile yangu ya tarehe 27 Juni iko wapi? Najua haikukufikia, kwa sababu ingekufikia usingeandika uliyoyaandika. Kijana yule si wa kodi. Ni wa ofisi yetu, nilimtuma mimi. Alikuwa anahesabu ili barabara yenu itengenezwe, na wewe, mjomba, ulilizuia hata lile lori moja.

Nilisoma nimesimama kaunta ya posta, nikacheka mpaka pale kwenye lori la salfa, halafu nikashindwa kuendelea. Nina hasira na wewe na sina haki ya kuwa nayo, kwa sababu ningekuwa mimi ningeificha baiskeli vile vile. Gasper ameleta karatasi zake. Zile za bondeni zimejaa. Zenu ni safi kama alivyozichukua hapa. Bwana Cuthbert, mkuu wetu, alizitazama akaniuliza kama Nanjelele wanaishi watu.

Usimwambie mtu yeyote bado. Nafikiria la kufanya.

Mguu wa Mama Ashiru hukuniambia.

Mpwa wako,
Winfrida


Nanjelele,
21 Agosti 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako mbili nimezipata siku moja. Ile ya Juni ilikuwa kwa Mwanaheri chini ya katoni za sabuni. Nilimfokea, akaniambia, "Baba Ashiru, nani wa Nanjelele alipita hapa wiki ile nimpe?" Nikachukua barua nikaondoka, maana kweli tulikuwa tunapita nyuma ya duka lake.

Umenikataza kumwambia mtu. Nimemwambia mwenyekiti, na mwenyekiti amewaambia wengine, kwa hiyo sasa kila mmoja anajua na kila mmoja anasema aliyeanza kuficha ni mwenzake. Aliyeanza ni mimi. Silali vizuri.

Wewe ulikuwa mtoto mdogo bado, huwezi kukumbuka. Mwaka sabini na nne walikuja wakatuambia tusogee barabarani. Tulikuwa tumekaa kule tunakoita mahame sasa, kwenye mikorosho ya bibi yako, karibu na ukingo wa mteremko, chemchemi iko chini yake tu. Tukaiacha. Hapa palikuwa pori. Tulijipanga nyumba huku na nyumba huku kama wanafunzi mstarini, barabara katikati. Tuliambiwa tukiifuata barabara vingine vitafuata, zahanati, maji, lori. Zahanati ipo Mkunya. Maji yanakuja yakitaka. Miaka ishirini nakwenda kuokota korosho asubuhi nzima kwa miguu na kurudi nazo, kwa ajili ya kukaa karibu na barabara. Leo mnataka kuifuta. Basi sisi tunakaa hapa tukifanya nini?

Nisikilize sasa kama mjomba wako. Nikifa, mikorosho ile haiendi kwa Ashiru, ni yenu watoto wa dada yangu Josephina, unajua desturi yetu. Korosho isiyofikiwa na lori ni kuni tu. Wewe una kalamu na una karatasi za Gasper. Mistari ni mistari. Andika kwamba tulipita, kwa sababu kweli huwa tunapita. Uongo ni ile karatasi iliyo safi.

Mjomba wako,
Bwanali


Masasi,
19 Septemba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu na sikuwa mgonjwa. Mama hajambo. Ndugu yangu Christopher amepata kazi ya ualimu huko huko Lulindi, mama anatembea kifua mbele kanisani. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Siwezi kuandika mistari ile. Nitakueleza sababu, ukasirike baada ya kuisikia. Miaka yote barabara zilikuwa zinatengenezwa kule alikozaliwa mkubwa fulani. Greda likipita unajua nani kapandishwa cheo. Barabara inachongwa, mvua mbili inakwisha, kwa sababu hakuna anayeitumia na hakuna wa kuitunza. Nilipoingia ofisi hii, mimi ndiye niliyesema tuhesabu watu. Walinicheka, halafu wakakubali. Nikianza mimi kuandika ya kwetu kwa mkono wangu, nimekuwa mkubwa mwingine, mdogo tu.

Unasema karatasi safi ndiyo uongo. Ni kweli, na hilo ndilo linaloninyima raha. Nikienda kulala nakuona wewe na mfuko wa salfa kichwani, unaikwepa barabara unayoililia.

Nimeomba tuhesabu upya. Bwana Cuthbert alikataa, nikaomba tena, akakataa, nikamwekea barua mezani. Amekubali siku mbili, tarehe 17 na 18 Oktoba, wakati korosho zimeanza kutoka. Nilimwambia wakazi waliogopa kodi. Sikumwambia kwamba nina ndugu huko.

Mjomba, nakuomba kwa heshima zote. Piteni kama siku zote. Anayekwenda shamba aende shamba. Anayekaa nyumbani akae. Msizidishe chochote.

Umenijibu mambo yote isipokuwa mguu wa Mama Ashiru. Nimeuliza mara mbili.

Mpwa wako,
Winfrida


Nanjelele,
20 Oktoba 1994

Mpwa wangu,

Marahaba, nyingi sana. Andiko hili ni fupi, dereva ananisubiri huku anapiga honi.

Tumepita. Nanjelele haijawahi kupita namna ile. Ashiru aliazima baiskeli mpaka kwa mahasimu wake. Wanawake walitoka na matenga, vijana na magunia, hata mwalimu mkuu aliwapitisha watoto na majembe. Gasper alikuwa anabadilisha penseli. Siku ya pili walikuja wengine na Landirova wakakaa kutazama, na tukawapa cha kutazama.

Najua uliandika kama siku zote. Lakini tulikuwa na deni la mwezi wa saba.

Andaa greda.

Bwanali


Masasi,
7 Novemba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Huku joto limezidi na maji ya bomba hayatoki. Mama hajambo.

Hesabu ya Oktoba imefutwa. Aliyekuwa kwenye Landirova ni Bwana Cuthbert mwenyewe. Aliona baiskeli ile ile yenye kengele ya njano ikienda na mzigo na kurudi na mzigo. Alimsimamisha mama mmoja, akafunua tenga, akakuta majani ya mkorosho. Watoto wa shule wakamwambia wamefundishwa kuzunguka nyuma ya msikiti. Ofisini aliwasimulia watu wote. Akasema, "Kuna mzee mmoja ana mwavuli na kanzu safi, jua kali, amepita mara nyingi kuliko basi la Newala. Kila akipita ananivulia kofia." Watu wakacheka mpaka wengine wakashika meza.

Mimi nilijua ni nani. Mwavuli ule nilikununulia mwenyewe nilipopata mshahara wa kwanza.

Nilitazama mafaili yangu nikasubiri wamalize. Waliponiuliza mbona sicheki, nikacheka. Nakuandikia hili kwa sababu sitaki ulisikie kwa mtu mwingine, na kwa sababu tangu siku ile nina aibu, na kinachonitia aibu ni mimi, si wewe.

Bwana Cuthbert ameandika kwamba Nanjelele hakuna hesabu ya kuaminika. Mara ya kwanza hamkuwepo, mara ya pili mlikuwa wengi mno. Idadi yenu ya kweli, ile ya siku zote, haimo kwenye karatasi yoyote. Mjomba, naamini ingetosha. Sina namna ya kuithibitisha, lakini naamini ingetosha bila jani hata moja ndani ya tenga.

Kikao cha uamuzi ni mwisho wa mwezi. Nitazungumza. Niandikie, hata kama ni matusi.

Winfrida


Masasi,
5 Desemba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Hukunijibu. Nimemwuliza kondakta, anasema barua aliiacha dukani, na Mwanaheri anasema imechukuliwa.

Imechaguliwa ya bondeni. Nilisimama kikaoni nikasema Nanjelele ni kwetu, mzee wa mwavuli ni mjomba wangu, na kwamba kijiji kizima kililetwa barabarani na serikali hii hii. Hakuna aliyecheka. Bwana Cuthbert aliniambia ningesema mapema, wangeweka mtu mwingine kusimamia hesabu. Labda ni kweli. Wamepiga kura, wakaendelea na jambo jingine, wakaletewa chai.

Nimepata likizo ya Krismasi. Sikukuu yenyewe nitakula kwa mama Lulindi, halafu nataka kuja kwenu. Kama hutaki nije, niambie.

Mpwa wako,
Winfrida


Mahame,
18 Desemba 1994

Mpwa wangu Winfrida,

Marahaba. Barua zako zote nimezipata kwa wakati, Mwanaheri hana kosa. Ni mimi sikujibu.

Nianze na mwavuli. Ndiyo, nilipita mara nyingi. Nilivaa kanzu ya Idi kwa sababu nilijua ni watu wa ofisi yako, sikutaka waseme mjomba wa Winfrida ni mchafu. Nilimvulia kofia yule mkuu wenu nikidhani umemwambia habari zangu. Kuchekwa hakuniumizi, nimechekwa na wengi. Kwamba na wewe ulicheka, hilo limeniuma, na nakwambia limeniuma ili nisikae nalo. Mama Ashiru amenisomea ukurasa ule mara ya pili, maana mimi sikutaka, akasema, "Lakini ameandika mwenyewe. Wewe ulipoficha baiskeli ulimwandikia nani?" Nikamwambia nilimwandikia yeye Winfrida. Akasema, "Basi mko sawa." Tuache hapo.

Habari ya kukataa kuandika mistari, nilikukasirikia sana. Wakubwa walipokuwa wanajichorea barabara sisi hatukuwa na mkubwa. Tumempata wa kwetu, naye anasema enzi hizo zimekwisha. Ningependa zikwishe mwaka unaofuata. Sijui kama hasira yangu imekwisha, ukija utaiona mwenyewe.

Umeuliza mguu wa Mama Ashiru mara tatu. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu jibu lilikuwa baya kwa kesi yetu. Tangu mwanzo wa mwezi wa nane mguu ulimshinda kwenda maji kutoka barabarani. Akajifunga kitenge, akarudi mahame, akajenga kibanda chini ya mikorosho ya mama yetu, hapa chemchemi iko karibu. Mimi nilibaki kule peke yangu kuitetea barabara ambayo mke wangu ameshaihama. Ningekuandikiaje hayo? Ungelazimika kuyasema, wewe ambaye husemi uongo.

Msimu huu lori la mnunuzi liliishia Mkunya. Tulibeba wenyewe, akatupunja atakavyo. Kijijini wengine wanangoja labda uamuzi ubadilike. Mwenyekiti anasema atakwenda Newala kulalamika, tangu Novemba anasema. Mimi nimeng'oa bati zangu wiki iliyopita. Ashiru na wenzake wamezibeba vichwani mpaka hapa, na nyumba nimeanza. Sina furaha wala sina kilio. Natembea huku na huku siku nzima, nashika hiki, naacha. Nilikuwa na umri wa Ashiru walipotuleta barabarani, na nimerudi nikiwa na mkongojo. Korosho hizi ni zenu na nyinyi mko mbali, na sasa hata lori halijui ziliko.

Njoo. Usiniulize tena kama nataka, wewe ni mtoto wa dada yangu. Chumvi tunayo, leta sukari na betri za redio. Umletee Mama Ashiru dawa ya kuchua.

Ukishuka Mkunya usiifuate barabara. Zunguka nyuma ya duka la Mwanaheri, shika njia ya miguu inayoelekea ukingoni, uliza kwa Bwanali. Barabarani hatupo tena.

Mjomba wako,
Bwanali